Milo ya Mnyama na Viungo Vyake vya Ndani

Mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo. Mfugaji hujiuliza, "Nimpe mnyama wangu chakula gani?" Tena hujiuliza, "Nimpe kiasi gani?" Lakini swali la tatu halimjii upesi, nalo ni hili: "Nimpe mara ngapi kwa siku?"

Somo letu litaonyesha ya kuwa swali hilo la tatu lina nguvu yake. Hesabu ya milo hugusa uzito wa mnyama, nayo hutengeneza viungo vyake vya ndani pia, yaani gole, firigisi, utumbo, ini, na hata moyo. Na katika siku za kwanza za uhai, kosa la milo ni gumu kurekebishwa baadaye.

I. KUKU WAWILI MEZANI

Twaanzia Dar es Salaam, katika mtaa wa Kariakoo. Jina lake lilitoka katika Vita Kuu ya Kwanza, maana hapo palikuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Baadaye mahali hapo pakawa soko. Jengo kubwa lililochorwa na Beda Amuli lilisimamishwa katika miaka ya 1970, nalo liliungua moto mwezi wa Julai 2021. Tangu zamani Kariakoo imekuwa mlango wa chakula cha mji huu: huko hupita nafaka, mboga, na dawa na vyombo vya mifugo.

Mtu akaaye mjini humu aweza kupata kuku wa namna mbili. Wa kwanza ni kuku wa kienyeji, ambao wengi wao huletwa kwa magari katika matenga kutoka Singida na Dodoma. Wa pili ni kuku wa nyama wa kisasa, waitwao broila, wanaofugwa katika mabanda ya mji wenyewe na viunga vyake, nao huchinjwa wakiwa na umri wa majuma machache tu. Mwalimu atakaye kuwafundisha vijana habari za viungo hahitaji chombo cha gharama. Na anunue kuku mmoja wa kila namna, awapasue, aweke matumbo yao juu ya sinia, kila moja upande wake.

Ataona kwanza gole, mfuko ulio chini ya shingo, ambamo chakula hungoja na kulainika. Kisha ataona tumbo dogo litoalo maji makali ya kuyeyusha chakula. Baada yake yaja firigisi, jiwe la kusagia la ndege, ambayo katika nyumba nyingi hupewa baba au mgeni kwa heshima. Halafu utumbo mrefu, na kongosho iliyolala katika kunjo lake la kwanza, na ini karibu yake.

Sasa na alinganishe. Firigisi ya kuku wa kienyeji ni nene na ngumu. Ile ya broila ni ndogo ikipimwa na ukubwa wa mwili wake, na nyama yake ni laini. Sababu ni nini? Tusiseme ya kuwa tofauti yote yatokana na kula, maana mbegu za kuku hao ni mbalimbali. Lakini wataalamu wamechukua kuku wa mbegu moja, wakawagawa makundi mawili. Waliopewa nafaka nzima au iliyoparazwa kwa ukubwa wakawa na firigisi kubwa zaidi kuliko wale waliopewa unga laini. Kiungo kipewacho kazi hukua. Kiungo kinyimwacho kazi hunywea.

Gole nalo hufuata sheria hiyo. Kuku ambaye chombo chake kina chakula mchana na usiku hudonoa kidogo kidogo, na chakula hupita bila kukaa sana golini. Lakini kuku aliyezoea nyakati maalumu za kula hujaza gole lake, na kile alichokiweka hushuka polepole kwa muda wa saa kadhaa, kimekwisha kulowana na kulainika. Basi kuku huyo wa pili amejifunza kuwa na ghala, na yule wa kwanza hakuwa na haja nalo.

II. KIFARANGA NA SIKU ZAKE ZA KWANZA

Kifaranga akitoka katika yai ana uzito wa gramu 40 hivi, naye huja na masurufu yake: sehemu ya kiini cha yai imebaki ndani ya tumbo lake. Kwa masurufu hayo aweza kuishi siku mbili au tatu bila kula. Ndiyo sababu vifaranga wa siku moja waweza kusafirishwa mbali katika maboksi. Na kwa kuwa hawafi njiani, watu wengi husema, "Hakuna haraka ya kuwalisha."

Neno hilo ni kweli nusu, na nusu yake nyingine yaleta hasara. Katika juma la kwanza, utumbo wa kifaranga hukua upesi kuliko mwili wake wote. Ndani ya utumbo huo mna vinyweleo vidogo mno, visimamavyo kama nyuzi za zulia, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vinyweleo hivyo hurefuka katika siku zile zile za kwanza, na chakula kiguzacho utumbo ndicho kinachouamsha ukue. Tena, kifaranga aliyelishwa mapema hukimaliza kiini kilichobaki tumboni upesi kuliko yule aliyefungishwa, maana mwendo wa utumbo husaidia kukisukuma. Kwa hiyo kumnyima chakula ili atumie kiini chake kwanza ni kufanya kinyume cha kusudi.

Kifaranga aliyecheleweshwa siku mbili huanza na mwili mwepesi, utumbo mdogo, na vinyweleo vifupi. Hata akipewa baadaye chakula kizuri, sehemu ya chakula hicho humpita bila kufyonzwa. Mfugaji hulaumu chakula, au hulaumu muuzaji, wala hakumbuki zile siku mbili.

Mjini Dar es Salaam jambo hili lina uzito wake. Vifaranga hutoka katika mashine za kutotolea, hupita kwa mawakala, kisha hubebwa na wanunuzi kwa pikipiki na magari ya abiria mpaka Mbagala au Gongo la Mboto, mara nyingi katika msongamano na joto. Wafikapo nyumbani tayari saa nyingi zimepita. Basi mnunuzi mwenye busara huweka banda, taa, maji na chakula tayari kabla ya kwenda kuwachukua. Wakifika, huwapa maji safi, kisha humwaga chakula juu ya karatasi ili waweze kukiona upesi. Kesho yake huwashika mmoja mmoja na kupapasa gole. Gole lililojaa na lililo laini ni ishara ya kifaranga aliyekula na kunywa. Gole gumu laonyesha ya kuwa alikula bila maji, na gole tupu laonyesha ya kuwa hajapata njia ya chakula. Siku ya pili karibu wote wapaswa kuwa na gole lililojaa. Wasipokuwa hivyo, na atafute sababu siku hiyo hiyo, asingoje.

III. CHAKULA KILEKILE, MILO MBALIMBALI

Labda msomaji atauliza, "Je, mkiwapa wanyama wawili chakula kilekile kwa kipimo kilekile, mmoja kwa milo mingi na mwingine kwa milo michache, watatofautiana?" Hili limejaribiwa mara nyingi.

Katika miaka ya 1950, huko Chicago, Clarence Cohn na wenzake waliwalisha panya. Kundi moja lilikula kidogo kidogo kama panya wapendavyo. Kundi la pili lilitiwa chakula tumboni kwa mpira mara 2 kwa siku, kwa kiasi sawa na kile walichokula wenzao. Panya wa kundi la pili walionekana kuwa na mafuta mengi zaidi mwilini, na nyama pungufu. Maana yake ni kwamba shehena kubwa ikiingia kwa mara moja, mwili hauwezi kuitumia yote papo hapo. Huigeuza kuwa mafuta, huiweka akiba.

Na huko Prague, mwaka 1959, ilitangazwa habari ya panya waliozoezwa kula baada ya vipindi vya njaa. Panya hao walijifunza kula kwa pupa, na matumbo yao yakawa makubwa kuliko ya wenzao. Mwili uliona ya kuwa chakula huja kwa nadra, basi ukapanua ghala lake.

Mfano mwingine twaupata kwa wazazi wa broila, yaani kuku watagao mayai ya kutotoa vifaranga hao. Mbegu yao ina tamaa kubwa ya kula. Wakiachwa wale watakavyo hunenepa mno, wakashindwa kutaga vema. Kwa hiyo wafugaji wao huwapimia, na wengine wamekuwa na desturi ya kuwalisha siku moja na kuwafungisha siku ya pili. Imeonekana ya kuwa kuku wanaofuata desturi hiyo huongezeka uzito kidogo kuliko wenzao wanaopewa jumla ileile kila siku. Sababu ni nyepesi kufahamu. Siku ya kula, ini hujaa na kuwa zito kwa akiba. Siku ya kufunga, akiba hiyo hutolewa tena. Kuweka na kutoa kuna gharama, kama mtu apelekaye gunia sokoni na kulirudisha nyumbani kila siku: mchele haukupungua, lakini nauli imelipwa mara mbili.

Lakini tusivuke mpaka na kusema ya kuwa milo isiyo na mwisho ndiyo bora. Broila mwenye chakula na taa saa zote 24 hukua upesi, na nyama yake hutangulia mbele ya moyo na mapafu yake. Moyo hupiga kwa shida, upande wake wa kuume hutanuka, maji hujaa tumboni, naye hufa ghafula akiwa karibu kuuzwa. Kuku wa namna hiyo wakipewa saa kadhaa za giza kila usiku, hupumzika wasile, hukua polepole kidogo mwanzoni, kisha huwafikia wenzao, na wanaokufa au kulemaa miguu ni wachache. Basi jambo linalotakiwa ni utaratibu unaolingana na umri wa mnyama na maumbile yake.

IV. CHATU NA NDAMA

Ili kuona jinsi mlo unavyoweza kugeuza kiungo, twaweza kutazama chatu, ambaye hula mara chache sana. Baada ya kumeza mnyama, aweza kukaa majuma au miezi bila kula tena. Wakati huo wa njaa utumbo wake husinyaa, kama duka lililofungwa na taa kuzimwa. Akimeza tena, utumbo hukua maradufu kwa muda wa siku chache. Wataalamu walipomchunguza chatu wa Burma, ambaye ni jamaa ya chatu wetu, waliona mwaka 2005 ya kuwa nyama ya moyo wake huongezeka kwa sehemu 40 katika kila 100 ndani ya siku 2 hivi. Chakula kikiisha kuyeyushwa, moyo na utumbo hurudi katika udogo wao. Kuku hawezi hayo, wala ng'ombe, wala mtu. Lakini kanuni iliyo wazi katika chatu imo pia kwa hao wengine, ila kwa kadiri ndogo.

Ndama hutufundisha kwa njia nyingine. Ng'ombe mzima ana vyumba vinne vya tumbo, na cha kwanza ndicho kikubwa kupita vyote, ambamo majani huchachuka. Lakini ndama azaliwapo chumba hicho ni kidogo na chembamba. Maziwa hayapiti humo. Hupita katika mfereji wake na kuingia moja kwa moja katika chumba cha nne. Ndama aendeleaye kunywa maziwa tu, chumba chake cha kwanza hubaki dhaifu. Akianza mapema kutafuna nyasi laini na nafaka kidogo kila siku, chakula hicho huchachuka, na ukali wake huviamsha vinyweleo vya ndani vikue. Hivyo siku ya kuachishwa ziwa humkuta yu tayari. Haya ni kweli kwa wana-mbuzi pia, na wafugaji wa mjini wenye mbuzi wawili watatu nyuma ya nyumba wayaangalie.

Tena, ndama aliyeachwa na mamaye hunyonya mara nyingi kwa siku, kila mara kidogo. Yule apewaye ndoo moja kubwa kwa siku hunywa kwa pupa, na tumbo lake huvurugika kwa urahisi.

V. JE, KILICHOPOTEA HURUDI?

Hapa ndipo penye shina la somo letu. Waingereza wawili, Robert McCance na Elsie Widdowson, walilitafuta jibu kwa miaka mingi. Walitwaa watoto wa panya waliozaliwa siku moja, wakampa mama mmoja watoto wachache, na mama mwingine watoto 15 mpaka 20. Walionyonya kwa kugombania walikuwa wadogo walipoachishwa ziwa. Kisha wote wakapewa chakula tele. Wale wadogo wakaendelea kuwa wadogo maisha yao yote. Lakini panya walionyimwa chakula baadaye kidogo, wakati utoto wa kwanza umepita, wakilishwa tena waliweza kuwafikia wenzao. Hapo kilichopungua kilikuwa kiasi cha maziwa, wala si hesabu ya milo peke yake. Lakini fundisho la wakati ni lile lile tuliloliona kwa kifaranga. Kila kiungo kina majira yake ya kujengwa, na majira yakipita mlango hufungwa au hubaki wazi kidogo tu. Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Imeonekana pia ya kuwa mwili wenye njaa haupunguzi viungo vyote kwa usawa. Ubongo hulindwa kuliko vingine. Ini na wengu hupungua upesi. Kwa hiyo mnyama aweza kuwa na kichwa cha ukubwa wa kawaida, na ndani yake viungo vimedhoofika.

McCance alikuja Afrika Mashariki baadaye, akaongoza kuanzia 1966 mpaka 1968 kituo cha kuchunguza utapiamlo wa watoto mjini Kampala. Mtu aliyekuwa akipima panya na nguruwe aliona ya kuwa swali lile lile lamngoja katika vitanda vya watoto.

VI. SHAURI KWA MFUGAJI WA MJINI

Kwa wenye kuku wachache uani au banda dogo viungani, twatoa shauri hili.

Kwanza, vifaranga wapewe maji na chakula mara wafikapo, na chakula kiongezwe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, maana chakula kipya huwaita waje kula. Kilichochafuliwa kiondolewe.

Pili, kuanzia juma la pili, kuku wazoezwe nyakati za kula na saa za giza. Wakiona vyombo vimekuwa vitupu kwa muda mfupi, si ukatili. Ni kulipa gole kazi yake.

Tatu, katika majira ya joto kali, chakula kiondolewe tangu saa 4 asubuhi hata saa 10 alasiri, maji yakae tele. Kuyeyusha chakula huongeza joto mwilini, na kuku wa nyama aliyeshiba adhuhuri ya Dar es Salaam hufa upesi kwa joto. Walishwe alfajiri na jioni.

Nne, wachanganyiwe nafaka iliyoparazwa badala ya unga mtupu, na kuku wa uani wapate changarawe ndogo, ili firigisi ipate nguvu.

Tano, mnunuzi wa kuku sokoni apapase kidari wala asidanganywe na gole. Gole lililojazwa nafaka na maji asubuhi si nyama. Na kuku aliyetoka safari ya mbali katika tenga asilishwe kwa wingi mara moja. Apewe maji kwanza, kisha chakula kidogo kidogo.

VII. NA MTOTO WA NYUMBANI

Mtu si kuku, wala hatutaki kumpima mtoto kwa mizani ya banda. Lakini jambo moja lina ulinganifu. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo: huweza kupokea kiasi cha gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, hujaa kwa gramu 240, yaani kikombe kimoja hivi. Akipewa ugali mara moja adhuhuri, hata ukiwa mwingi, ataacha zaidi ya nusu. Wala hakuacha kwa sababu ameshiba kwa siku nzima.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri ya kwamba mtoto anyonyaye, akiwa na miezi 6 mpaka 8, apewe chakula mara 2 au 3 kwa siku pamoja na maziwa ya mama. Na kuanzia miezi 9 mpaka 23, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati. Mama auzaye mboga Kariakoo huondoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Hatuwezi kumwambia aache biashara iliyo riziki ya watoto hao hao. Twaweza kumwambia aliyebaki nyumbani, awe nyanya au dada mkubwa, ya kuwa kazi yake ni kugawa sufuria ileile ya uji kwa mara nne, kutia humo dagaa waliosagwa au karanga, na kuutunza uji ukiwa safi na kuupasha moto vema. Mara nyingi gharama haizidi sana. Kinachozidi ni uangalifu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wafupi kuliko umri wao upasavyo. Sababu ni nyingi, na magonjwa yamo. Lakini milo michache katika miaka miwili ya kwanza ni mojawapo, nayo ni sababu ambayo nyumba yaweza kuigusa kwa mikono yake yenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba, nasi twaongeza: humjenga na mlaji.

MASWALI YA KUJIULIZA

1. Kwa nini firigisi ya kuku alaye nafaka nzima ni kubwa kuliko ya kuku alaye unga?
2. Kifaranga aweza kuishi siku mbili kwa kiini cha yai. Kwa nini basi asicheleweshwe kulishwa?
3. Panya waliolishwa mara 2 walikula sawa na wenzao. Walitofautiana kwa nini?
4. Kuku wa nyama alishwe saa ngapi wakati wa joto, na kwa sababu gani?
5. Katika mtaa wenu, ni nani amlishaye mtoto wa mama aliye sokoni, na humlisha mara ngapi?